Chakula cha Kawaida

Kila kinacholiwa na panya mwenye mimba huandikwa daftarini. Kanuni hiyo, wasikilizaji wapendwa, kila mtu aliijua katika nyumba ile ya utafiti, tangu mfagizi hadi mkuu. Marehemu tunayemkumbuka leo aliitii kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mtunza panya. Wenzake walimwita Mama Vizimba, wala hakuchukia.

Ndani ya soya mna kitu kinachofanana na homoni ya kike. Mkuu wa maabara alitaka kujua: mama akila soya akiwa mjamzito, je, mwanawe wa kiume atapungukiwa uwezo wa kuzaa? Kundi moja la panya wenye mimba lililishwa soya. Kundi la pili lililishwa kile ambacho daftari lilikiita "chakula cha kawaida". Wana wao wa kiume walipokomaa, mbegu zao zilihesabiwa kwa hadubini. Hapakuwa na tofauti. Mkuu akachapisha andiko lake, na kliniki ya jirani ikabandika karatasi ukutani: wajawazito, msiwe na wasiwasi.

Siku moja, akikunja magunia matupu ya chakula hicho cha kawaida, Mama Vizimba alisoma maandishi yaliyofifia ubavuni. Chakula cha kawaida kilikuwa na soya. Makundi yote mawili yalikula soya. Narudia: yote mawili.

Akalipeleka gunia mezani kwa mkuu.

"Mama, kazi yako ni vizimba," mkuu alimwambia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiyesoma gunia, mzee, huvunjika nini?"

Kwa jibu hilo alihamishiwa chumba cha kufulia makoti.

Aliwaandikia wakubwa wa maabara barua kumi na saba kwa miaka tisa. Hakujibiwa hata moja. Kaka yake alimtania: "Dada, hao panya wamekuahidi urithi?" Hakucheka. Binti yake anakumbuka siku yeye mwenyewe alipokuwa na mimba, akamwuliza mama yake kama aache soya.

"Alisema, 'Sijui, mwanangu. Na wao hawajui. Kinachonichoma ni kwamba hawajui, na ukutani wameandika kwamba wanajua.'"

Mwezi uliopita, akiwa kitandani hospitalini, alimtuma mumewe alipeleke gunia lile, alilokuwa amelitunza nyumbani, kwa baraza la watafiti. Alifariki Jumanne. Baraza likakaa Alhamisi. Walimkosa kwa siku mbili tu, baada ya miaka tisa.

Tunampa pole mumewe, binti yake na kaka yake. Nasi tujihoji: ni mara ngapi tumeandika "kawaida" ili tusisumbuke kutazama?

Andiko limefutwa. Mkuu amevuliwa cheo, na baraza likamwongezea adhabu moja. Jana asubuhi alikwenda kliniki, akaibandua karatasi kwa mkono wake, kisha akawageukia wajawazito waliokuwa kwenye mabenchi, akawaambia kwa kinywa chake kwamba hajui.