Bi. Mahlagha, Mchagua Njia wa Zarrinkamar

Siku ya mwisho ya msimu huu, wiki moja kabla ya Nairuzi, mwaka wetu mpya, lifti zitakaposimama saa kumi jioni, Bi. Mahlagha Kojuri atavua koti jekundu la walimu wa kuteleza thelujini na kulirudisha ghalani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya kazi hapa mlimani Zarrinkamar. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mwendesha lifti ya chini, na hakuna mtu mlimani niliyempandisha mara nyingi kama yeye. Nilikubali haraka. Nilipokaa kuandika ndipo nilipogundua jinsi nilivyomwona mara nyingi na kuzungumza naye mara chache.

Wageni wake ni watu wanaoogopa na watu wanaorudi. Yupo bwana wa Tehran aliyeteleza mara ya mwisho akiwa chuoni, anayeamini kwamba magoti yake bado yanakumbuka. Yupo bibi harusi aliyeburutwa na mumewe. Yupo aliyevunjika mguu miaka iliyopita, mguu ukapona, lakini akisimama juu ya mteremko hathubutu kuanza. Bi. Mahlagha hamuulizi mtu kama anajua kuteleza, kwa kuwa swali hilo hujibiwa kwa uongo. Huuliza, "Mara ya mwisho ulianguka wapi?" Kisha humwangalia anavyofunga buti zake. Mgeni akimaliza kufunga, njia imeshachaguliwa.

Ramani yetu ina rangi, na kijani maana yake rahisi. Yeye haiamini sana ramani hiyo. Asubuhi huwapeleka watu wake Njia ya Mireteni, kwa sababu inatazama mashariki na jua huilainisha mapema, wakati kwingine bado ni barafu tupu. Adhuhuri huhamia ile pana tunayoiita Sinia, maana saa hizo vijana wenye mbio wako mezani wanakula kebabu. Vijana wakirudi, yeye ameshaondoa watu wake. Njia ya Chemchemi nayo ni ya kijani, lakini hajampeleka huko mgeni anayerudi hata siku moja. Katikati inabana kama koo, na upande mmoja ardhi inakatika ghafla.

"Mteremko wenyewe si mkali," aliniambia siku moja akisubiri kiti cha lifti. "Ila mtu akishaliona lile shimo, miguu inakufa. Mimi nataka mahali ambapo ukishindwa katikati, unasimama, unapumua, na hakuna anayekugonga mgongoni."

Walimu vijana waliita upande wake chekechea. Aliyeongoza utani huo alikuwa Siyavash, kijana hodari, mdomo mrefu kuliko skii zake za kutelezea.

"Bi. Mahlagha, leo msafara wa bata unaelekea wapi?"

"Unaelekea chini, mwanangu. Na kila bata atafika na miguu yake miwili. Wewe je?"

Msimu huohuo Siyavash alivunjika mfupa wa paja. Mwaka uliofuata alikuja kwenye lifti yangu mapema mno, kabla wenzake hawajaamka, akasimama mbele ya Bi. Mahlagha akitazama vidole vya buti zake.

"Dada Mahlagha, nichagulie njia."

Hakumcheka. Alimuuliza alianguka wapi, ingawa mlima mzima ulikuwa unajua.

Sasa niseme jambo ambalo wageni hawalijui na sisi hatulizungumzi. Bi. Mahlagha alikuja hapa akiwa mke wa Hushang, wa kikosi cha uokoaji. Walikuwa wakiteleza pamoja, na waliowaona wanasema ungedhani ni mtu mmoja na kivuli chake. Majira fulani ya baridi watu wawili waliruka kamba ya onyo wakaingia lile bonde la juu tunaloliita Kikombe. Hushang aliingia kuwatafuta. Wale wawili walitoka wenyewe kwa upande wa pili. Maporomoko ya theluji yakamfunika yeye.

Baada ya hapo Bi. Mahlagha hakugusa skii kwa misimu mingi. Alihamia chumba cha kukodisha buti, akawa anapiga magoti siku nzima mbele ya miguu ya watu wengine wanaokwenda kufurahi. Halafu asubuhi moja, nikiwa napasua barafu kwenye viti, nilimwona akipanda mteremko wa chini kwa miguu, skii begani, peke yake. Alijaribu kushuka. Akaanguka. Akapanda tena. Alifanya hivyo msimu mzima kabla lifti hazijafunguliwa, kila siku akibadilisha upande kidogo. Nilifikiri anatafuta theluji nzuri. Kumbe alikuwa anatafuta njia ambayo mtu anaweza kuishuka mpaka mwisho bila kukiona Kikombe. Njia hizo anazowapitisha wageni leo alijichagulia mwenyewe kwanza, wakati hapakuwa na wa kumchagulia.

Alipopewa koti jekundu alisema wazi kwamba lifti ya juu hataipanda. Mkuu wa wakati huo akakubali. Kwa hiyo wakati wa chakula walimu wote walipokuwa juu, kwenye ukumbi wa chakula, wanacheka na kugombania mkate, yeye alikula kwenye benchi nyuma ya chumba cha buti, akitazama ukuta wa maegesho. Benchi hilo ndilo pekee lisilotazama juu. Mara mojamoja nilimpelekea bakuli la supu nzito ya dengu na tambi. Alishukuru vizuri, akauliza habari za wanangu, kisha akanyamaza kwa adabu mpaka nikaelewa kwamba nirudi kazini.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya mwezi wa Bahman, katikati ya baridi, ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Upepo ulivuma ghafla na mota ya lifti ya juu ikaungua. Wanaojua kuteleza walishuka mara moja, kabla mawingu hayajafunga. Walibaki watu sita waliokuwa wamepanda kula na kupiga picha tu, wakitegemea kurudi kwa lifti. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Purandokht, mwalimu wa shule wa makamo aliyekuwa anarudi kuteleza baada ya ugonjwa mrefu. Asubuhi hiyo Bi. Mahlagha alimkataza kupanda juu. Alipanda kwa sababu ya mandhari.

Tinga la theluji lilishindwa kupanda. Kikosi kilitaka kuwashusha kwa machela kupitia Kikombe, lakini upepo ulikuwa umerundika theluji mpya huko, na kila mtu aliyekuwa na redio ya mkononi alijua maana yake. Bi. Mahlagha alisimama kwenye kibanda changu akisikiliza. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Keyhan," alisema, "ile njia ya nyumbu ya wachungaji, juu ya mgongo wa mlima, kuna mtu ameitaja?"

"Ya wakati wa kiangazi? Dada, hiyo ina mawe."

"Ina mawe kwa sababu upepo hauachi theluji ikae. Haiwezi kuporomoka. Na inashuka polepole. Nilipita huko na Hushang tukienda kuchuma mboga za porini."

"Lakini inapita ukingoni mwa..."

"Najua inapita wapi. Nipe kiti."

Nilimpandisha pamoja na Siyavash na waokoaji wawili mpaka mwisho wa lifti yangu. Kutoka hapo walipanda kwa miguu. Yaliyotokea juu alinisimulia Siyavash. Bi. Mahlagha aliingia ukumbini, akakung'uta theluji mabegani, akamkuta mtu analia na mwingine anagombana na simu. Hakuwahutubia. Alimwendea mmoja mmoja na kumuuliza alianguka wapi mara ya mwisho, kana kwamba ni asubuhi ya kawaida. Mwalimu Purandokht alianza kuomba radhi.

"Utaniomba radhi chini, Mwalimu. Sasa shika fimbo zako, ukae nyuma yangu."

Kilichofuata nilikisikia mwenyewe redioni. Waliposhika mgongo wa mlima kwa miguu, Mwalimu alisema hawezi kuendelea. Sauti ya Bi. Mahlagha ikamjibu, "Tazama koti langu. Darasa lako la kwanza kabisa, walikuwa akina nani? Niitie mahudhurio." Na katikati ya upepo ule tukasikia mahudhurio yanaitwa: Nahid, Gholam, Parvin, Yadollah, mapacha wa mwoka mikate. Akikwama, Bi. Mahlagha alimuuliza, "Huyo alikaa dirishani au nyuma?" Wakaenda. Palepale ukingoni mwa Kikombe redio ilinyamaza, na sisi huku chini hakuna aliyeangalia mwenzake. Kisha tukasikia jina lingine la mtoto.

Walifika wote sita. Wawili walijipiga kwenye mawe, si zaidi ya hapo. Mwalimu alimkumbatia akashindwa hata kusema ile radhi yake.

Watu walipoondoka nilimtafuta na chai. Alikuwa kwenye benchi lake.

"Nilitazama, Keyhan," alisema bila kuulizwa. "Wao niliwakataza kutazama bondeni, mimi nikatazama. Theluji tu. Nyeupe, imelala. Miaka yote nilidhani nikitazama nitamwona."

Nilibaki nimesimama hapo, na kwa mara ya kwanza hakuninyamazia ili niondoke. Alisogea kidogo nikakaa.

Tulidhani baada ya siku hiyo atapanda kula na wenzake. Hakupanda. Siyavash alimfuata kumwita, akajibiwa, "Zamani niliogopa, mwanangu. Sasa nimezoea tu, na kuzoea kunatoka polepole zaidi." Lakini wageni wake waliongezeka. Wapo waliofunzwa naye ambao leo wanaleta wajukuu, na akiwaona huwatambua kwa namna wanavyopinda kona kabla hata hawajavua miwani.

Sasa anaondoka. Anahamia Lahijan, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na dada yake marehemu, karibu na mashamba ya chai, ambako theluji ikianguka hufutika kesho yake. Atakaa peke yake. Ameniambia nyumba ina nafasi ya mgeni mmoja kwa wakati, kwa hiyo twende kwa zamu. Nawaomba mlichukulie hilo kama mwaliko, maana kwake maneno hayo ni mengi sana.

Kamati ilimuuliza anataka zawadi gani. Tulitaja saa, tukataja zulia. Alifikiri kwa siku kadhaa, kisha akaja kibandani kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Nimeteleza na wageni miaka yote hii," alisema. "Na watu ninaowajua, sijateleza tangu Hushang. Waulize kama watashuka na mimi mara moja. Sinia tu. Polepole."

Nimewauliza wote. Wapishi, waokoaji, fundi wa mota, hata yule mhasibu ambaye hajawahi kuvaa skii na atashushwa kwa machela akitaka asitake. Hakuna aliyekataa. Siku hiyo, kabla lifti hazijasimama, tutakusanyika juu ya Sinia, yeye atatangulia, na yeyote atakayempita atanijibu mimi.

Bi. Mahlagha, ahsante kwa kila mtu uliyemfikisha chini salama. Upate huko uendako majirani wenye kelele, chai isiyopoa, na mlango unaogongwa mara kwa mara. Zamu ya kwanza ya kuja Lahijan nimeshaichukua mimi.

Keyhan Tabari
Lifti ya chini, Zarrinkamar