Kinundu Kilichofuata Mwezi: Maisha ya Saroj Kishor, 1978–2025

Saroj alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika nyumba ya Hurumzi, Mji Mkongwe, mtoto wa tatu wa marehemu Jamnadas na mkewe. Alisoma hapa hapa mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1995. Kigujarati alikisema na wazee, Kiswahili na watu wote.

Mwaka 1997 aliajiriwa kukata tiketi za boti, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Mwenyewe alichafukwa na roho hata akiitazama bahari tu, na wasafiri walijua.

"Bi Saroj, leo twende sote Pemba!"

"Nenda wewe, mwanangu. Mie nnakusindikiza kwa dirishani."

Tarehe 2 Disemba 2001 aliolewa na Kishor, wakaishi Kikwajuni na mama mkwe. Tarehe 9 Agosti 2004 alimzaa Urvi kwa upasuaji. Mwaka 2006 kilitokea kinundu kwenye kovu. Hedhi ikija, kilivimba na kuuma kama jipu, ikiisha, kilinywea. Hospitalini aliambiwa ni uzi wa mshono.

Jirani yake, Bi Mwanakheri, hakukubali. "Uzi gani huo unaojua mwezi? Nenda hospitali leo, kinapouma!"

"Leo siwezi, Bi Mwanakheri. Unajua kwetu."

Kwao, nyumba ya Kihindu, mwanamke aliye katika siku zake hakai jikoni wala hakaribii mahali pa ibada. Kukata tiketi aliruhusiwa. Kufunua tumbo mbele ya daktari, hapana. "Utakwenda ukishatoharika," mama mkwe alimwambia. Basi akenda kila mara akiwa safi, na kila daktari akapapasa kitu kidogo kisichouma, akamrudisha nyumbani. Kigujarati, Kiswahili, Kiingereza: lugha zote alizosemeshwa zilikuwa na neno moja, vumilia.

Mwaka 2023 kinundu kiliacha kufuata mwezi. Kiliuma kila siku, kikakua. Januari 2025 alipanda boti kwenda hospitali Dar es Salaam, akatapika njia nzima. "Kumbe hii ndiyo niliyokuwa nikiwauzia watu!" alisema, akacheka.

Kinyama kilikatwa kikapimwa. Ilikuwa endometriosis: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba zilikuwa zimeota ndani ya kovu. Daktari alieleza kwamba kwa wanawake wengi haigeuki saratani. Ikigeuka, mara nyingi huwa kwenye ovari, na kwenye kovu ni nadra sana. Kwa Saroj iligeuka.

"Nadra," alisema. "Neno zuri hilo, likiwa la mwenzio."

Alifariki nyumbani Kikwajuni tarehe 6 Novemba 2025, akiwa na miaka 47. Wapo waliotaka hapa paandikwe "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Aliugua miaka kumi na tisa. Aliagiza ugonjwa wake utajwe kwa jina, na wanaume wasikie.

Ameacha mume, Kishor, binti, Urvi, kaka wawili, mama mkwe wake, na Bi Mwanakheri, aliyesema kweli tangu mwanzo.

Oktoba, mwezi mmoja kabla ya kifo cha mama yake, Urvi aliamka amejikunja kwa maumivu ya hedhi. Saroj hakuweza tena kuinuka kitandani. "Nenda leo," alimwambia. "Usingoje imalizike."

Bibi yake, yule mama mkwe, ndiye aliyemfungulia mlango atoke.

Pumzika, Saroj. Hakuna tena wa kukwambia uvumilie.