Mama Penseli, Mhesabu Walinzi wa Kichwani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, poleni kwa safari na poleni sana kwa msiba, ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake, mshonaji, yule ambaye wengi wenu mmekuja hapa mmevaa suruali nilizokata mwenyewe, na familia imenikabidhi karatasi hizi nne nizisome bila kuongeza neno, jambo ambalo wanaonijua wanajua haliwezekani.

Kabla sijafika mbali, acheni niseme hili mapema ili tusikilizane. Tangu juzi kuna minong'ono, kwamba dada anazikwa hajakamilika na kwamba mimi ndiye niliyetia saini, na shangazi yetu ameninyima salamu mara mbili mlangoni. Minong'ono hiyo ni ya kweli. Ubongo wa marehemu haumo ndani ya jeneza hili, uko maabara, aliutoa kwa hiari yake akiwa na akili zake timamu, na saini ni yangu, nami nitaeleza jambo hilo likifika zamu yake, ila kwanza nataka mjue dada yangu alikuwa nani, la sivyo mtanihukumu bure.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Agosti 1950, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa mzee wetu, aliyekuwa mpima mizani kiwandani, na mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Wa kati alitutoka akiwa mchanga, mimi nikaja miaka tisa baada ya dada, kwa hiyo ni yeye aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na aliyenizaba makofi ilipobidi, na wakati mwingine hata pale ambapo haikubidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kuimaliza mwaka 1964, akaendelea na sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, na huko ndiko yalikomkuta yaliyomkuta, maana mwalimu wa sayansi alileta hadubini moja, ya kuazima, darasa zima likapanga foleni, kila mmoja achungulie ganda la kitunguu kwa sekunde kumi. Dada alichungulia, akarudi mwisho wa foleni, akachungulia tena, akarudi tena, mpaka mwalimu akashtuka kwamba sura ile ile imepita mara sita, akamtoa nje kwa utovu wa nidhamu. Alirudi nyumbani anacheka peke yake. Januari 1969 akaingia chuo cha wataalamu wa maabara, akahitimu tarehe 26 Novemba 1971 akiwa wa pili, na hadi leo hatujui nani alikuwa wa kwanza, kwa sababu kila tulipomuuliza alinuna.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 3 Januari 1972 kwenye maabara ya hospitali, akapima damu na vinyesi kwa miaka minane bila kulalamika, kisha tarehe 1 Septemba 1980 akahamishiwa maabara ya utafiti wa ubongo, chumba chenye dirisha moja mwisho wa korido, chenye meza ya vigae vyeupe na sinki lenye madoa ya zambarau ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa, hata ile ya kiwanda cha mzee. Pale zililetwa bongo za watu waliozitoa wenyewe kabla ya kufa, zikalazwa kwenye dawa mpaka zikakamaa, zikatiwa kwenye nta, na kazi ya dada ilikuwa kuzikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara, kuvilaza juu ya kioo, yaani slaidi, na kuvipaka rangi ili seli zionekane.

Wiki ya kwanza tu aliharibu. Aliandika majina ya slaidi arobaini kwa kalamu ya wino, kwa ule mwandiko wake mzuri wa kujidai, akazitumbukiza kwenye spiriti, zikatoka safi kabisa, hazina hata herufi moja, kichwa cha nani hakijulikani. Alilia chooni. Tangu siku hiyo aliandika kwa penseli peke yake, maana spiriti haiiwezi penseli, akatembea na penseli imechomekwa kwenye nywele, kazini, sokoni, hata kanisani, wenzake wakamwita Mama Penseli, na jina likamganda.

Mwaka 1983 mama yetu alianza kusahau. Alisahau jiko likiwaka, akasahau njia ya kurudi nyumbani, watu wakasema amerogwa, wengine wakasema ni uzee tu, akafariki tarehe 20 Machi 1987 akimwita dada kwa jina la nesi mmoja ambaye hatukuwahi kumjua. Dada hakulia siku ile. Aliporudi kazini alimuuliza daktari mkuu wa maabara ni nini hasa hutokea ndani ya kichwa kama kile, akajibiwa kwamba ameajiriwa kupaka rangi, si kuuliza maswali, basi akafunga mdomo na kufungua macho.

Tarehe 14 Februari 1989 alipaka rangi slaidi thelathini na sita, na kwenye zile za wazee vikatokea vidoa vya kahawia vimejazana. Daktari mkuu akachungulia, akasema huo ni uchafu, hukusuuza vizuri, tupa. Jamani, kumwambia dada yangu hakusuuza vizuri! Huyu ni mtu aliyekuwa akiosha kikombe kabla ya kunywea na baada ya kunywea. Hakutupa. Alikata vipande vipya kutoka vichwa vile vile, akasuuza kwa maji mapya na chupa mpya, mara tatu, na mara zote tatu vidoa vikarudi, kwa wazee vimesongamana, kwa vijana vimetawanyika kwa nafasi. Akaanza kuvihesabu kimoja kimoja kwa kile kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba, saa ya chakula cha mchana, kwa miaka saba, na slaidi zote akazificha ndani ya bati la biskuti nyuma ya chupa za rangi.

Vile vidoa vilikuwa walinzi, na hapa nitasema kama alivyotueleza mezani, maana mimi elimu yangu ni ya mkasi. Ndani ya ubongo zimo seli za kinga zinazoishi huko huko, kazi yao kuokota taka, kufukuza wadudu wa maradhi na kurekebisha kilichoharibika, na ujanani mlinzi akimaliza kazi anakaa kitako na kupumzika. Uzeeni walinzi wengi hawatulii tena, wanashinda wamekasirika, na mlinzi aliyekasirika kwa miaka mingi huishia kuwashambulia wenye nyumba, anakata hata nyaya alizopewa azilinde, na nyaya hizo ndizo zinazobeba kumbukumbu na mwendo wa mikono. Halafu zipo seli nyingine zilizochoka, kugawanyika haziwezi na kufa hazitaki, zinakaa zikimwaga kemikali za kuwachokoza jirani zao. Dada alisema seli hizo ni kama mstaafu aliyekataa kurudisha funguo za ofisi, kila asubuhi anakuja, kazi hafanyi, anakaa mlangoni analalamika, na ikifika mchana ofisi nzima inalalamika. Alikuwa akimtazama shemeji yake mmoja kila alipofika hapo, na tulivunjika mbavu. Ila mtu akisema kwamba yeye ndiye aliyegundua hayo, alikuwa mkali, akasema wanaoyachunguza ni wengi duniani na bado hawajayamaliza, yeye ni mhesabu tu.

Mwaka 1996 alikuja mwanafunzi, binti mdogo wa umbo na mwingi wa maswali, ambaye leo ndiye mkuu wa maabara na ameketi pale mstari wa pili, akamuuliza dada anahesabu nini badala ya kula, dada akalitoa bati. Siku iliyofuata daktari mkuu alikaa kwenye hadubini saa mbili nzima, akainuka, akamwambia mbele ya wote kwamba ule haukuwa uchafu, na kwamba anaomba radhi, na nampa heshima yake mzee yule kwa hilo, kwa sababu wakubwa wengi wangelila bati na biskuti zake kuliko kusema hivyo. Makala ilichapishwa Mei 1998, jina la dada likiwa la tatu. Sikuelewa sentensi hata moja, lakini ile karatasi ilitundikwa sebuleni kwenye fremu, na kila nilipokwenda nililisoma lile jina, nikatoka kifua mbele.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Juni 1978 na mwalimu wa hesabu aliyekuja hospitali kupima damu, akapewa majibu yake, kisha akarudi kuyafuata tena mara tatu, na gauni la harusi nililishona mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, mkono mmoja ukawa mfupi kidogo, akalivaa hivyo hivyo na kuwaambia watu ndiyo mtindo mpya. Walijaliwa watoto wawili, binti, fundi umeme, na mdogo wake, mwokaji mikate, na wajukuu wanne. Mwalimu alitangulia tarehe 2 Februari 2004, na dada alistaafu mwaka 2010, ila funguo alirudisha siku hiyo hiyo, akawa anakwenda Alhamisi tu, kuwafundisha vijana.

Ugonjwa wake aliugundua mwenyewe. Alhamisi tarehe 7 Aprili 2016 alihesabu slaidi moja mara tatu akapata namba tatu tofauti, akaweka kidude chini, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwa daktari, na vipimo vikathibitisha kwamba ni maradhi ya kusahau, yale ya mama. Mwaka uliofuata alinijia dukani na fomu. Alitaka baada ya kufa ubongo wake uende kwenye meza ile ile ya vigae, na ndugu mmoja aridhie kwa maandishi, nikamwambia bora nikatwe mkono. Nikamuuliza kwa nini mimi na si watoto wake, akasema amenichagua kwa kuwa mimi ndiye mbishi wa ukoo, nikikubali mimi hakuna atakayebisha. Nikamfukuza dukani. Naam, nilimfukuza dada yangu aliyenibeba mgongoni, na ninalisema mbele yenu kwa sababu linaniuma.

Aliendelea kunijia, na kila mara alikuwa na maneno machache zaidi ya mara iliyopita. Nyumbani kwake aliandika kwa penseli kwenye kila mlango wa kabati, chai, sukari, dawa ya asubuhi, na mwaka 2020 mimi, kwa kutaka kumfurahisha, nikapaka makabati rangi mpya, nikafuta kila kitu. Nilimkuta amesimama na birika mkononi, hajui aanzie wapi. Nikakimbilia kalamu nene ya wino, nikaandika upya kwa herufi kubwa, naye akachukua kitambaa chenye spiriti, akapangusa neno moja likatoweka, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito, kisha akachomoa penseli kwenye nywele akanipa. Jina langu alikuwa ameshalisahau, hilo hakulisahau.

Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa moja asubuhi, baada ya siku tisa za nimonia, marehemu alifariki kitandani kwake, watoto wake wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi mitatu na siku mbili. Saa mbili mkuu wa maabara alinipigia, kwa upole, akasema shughuli hiyo lazima ifanyike siku hiyo hiyo, nikavaa koti nikaenda mwenyewe kumpa jibu langu la hapana uso kwa uso. Hakubishana nami. Alifungua daftari la kumbukumbu, akanionyesha mstari namba 412, kwa mwandiko wa dada, ukiwa tayari unatetemeka, kazi, fundi wa maabara, ugonjwa, wa kusahau, umri, ameacha wazi, na kwenye safu ya ndugu aliyeridhia ameandika, mdogo wangu, mshonaji, atakuja akiwa amekasirika, mpeni kiti. Tarehe aliyoandika ni ile ile niliyomfukuza dukani.

Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Kiti walishaniwekea. Nikatoa kalamu yangu, binti yule akaizuia kwa mkono, akanipa penseli, nikatia saini saa saba na nusu mchana, nikaandika na 412 kwenye lebo ya chombo chake, na shangazi, kama bado umeninunia, uso wa dada utauona, ni ule ule, walimshughulikia kwa heshima kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea na hawakuwahi kumcheka, wafanyakazi wenzake waliokuja Alhamisi kumsuka na kumchomekea penseli yake, na ninyi nyote mliofika.

Dada, waliniambia dawa itachukua wiki kadhaa, kisha binti yako wa maabara atakukata kwa mkono ulioufundisha wewe, atakupaka rangi, atawahesabu walinzi wako mmoja mmoja, na ikimsaidia mama wa mtu mwingine kulikumbuka jina la mwanawe, mimi nimeridhika. Pumzika kwa amani, wasuuze wanavyotaka, namba yako niliiandika kwa penseli.