Maji ya Waipa ya Kitavi

Mkabala na maduka ya jumla ya Ngara pana benchi lililotengeneza magari mengi kwa mdomo kuliko gereji yoyote mtaani. Millicent huuza kahawa hapo. Waliokaa hugawa ujuzi bure. Asubuhi hiyo ya manyunyu Kitavi, dereva wa teksi, aliegesha gari mbele yao, roho mkononi. Saa nne alitakiwa ampeleke mama mkwe kliniki ya macho, Upper Hill. Mama mkwe huyo, Mama Mukai, hakuwahi kumwamini na kitu kizito kuliko gunia la pojo, na leo ndipo Kitavi angemwonyesha udereva wake. Lakini kioo kilijaa matope, na waipa ziliyapaka tu kama siagi.

— Nikifinya swichi ya maji ya kioo, mota inalia ngrrr, lakini maji haitoki, alisema Kitavi. Na nimejaza asubuhi, na sabuni ya unga!

— Hiyo ni fyuzi, alisema Sifuna, aitwaye Injinia tangu alipobadilisha balbu ya kanisa.

— Fyuzi ikiungua, mota italiaje? aliuliza Millicent.

— We mimina kahawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Si fyuzi, alisema Lenox, ambaye ni Profesa kwa sababu ya miwani. Huku Ngara ni juu, na maji hupenda kuteremka. Shuka mpaka mtoni, itaruka yenyewe. Mvumilivu hula mbivu.

— Prof, mama ako kwa fleti hapo nyuma anavaa viatu! alisema Kitavi.

Injinia akafungua boneti, akachokoa vitundu vya kurushia maji kwa pini. Kitavi akafinya. Ngrrr.

— Basi gari iko na kiu, aliamua Injinia. Inakunywa maji kabla ifike kwa kioo.

Kitavi alikuwa karibu kulia, na Mama Mukai huyo, amefika.

— Mnatafuta nini?

— Maji, mama. Imepotea.

Mama akainama mpaka pua ikakaribia injini.

— Hii kifuniko imechorwa kioo na maji ikiruka, si ndiyo yenyewe?

Akakifungua. Ndani pakavu, hakuna hata tone.

— Sasa ile ya asubuhi uliweka wapi?

Wote wakatazama chupa ya pili, ile ya maji ya kupoza injini. Ilijaa povu mpaka shingoni. Profesa akavua miwani. Injinia akakumbuka kahawa yake. Kitavi aliona aibu mpaka magotini.

Mama Mukai akarudisha kifuniko taratibu.

— Kitavi, mwanangu, na breki unajua ni gani?