Aliyepiga Hodi kwa Mama Yake

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma nisimame mbele yenu nimwelezee dada yetu, ambaye wengi mlimwita Dodoso, na nikikosea mtanisamehe, maana katika ukoo huu yeye ndiye aliyekuwa akitusahihishia kila kilichoandikwa.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1979, jikoni kwa mama, si kwa kukosa chumba, bali kwa sababu hakungoja mama afike chumbani, mama akampokea kwa mikono yake mwenyewe, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, katika jamii yetu ya wenyeji wa asili, tuliokuwa hapa kabla ya barabara, na ambao vitabu vingi vimetuandika bila kutuuliza. Mama yetu, aliyekaa pale mbele, ni mkunga, kama alivyokuwa mama yake, na wengi mnaolia hapa leo, kilio chenu cha kwanza mlikitoa mikononi mwake.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya mto, kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari ya bweni, akahitimu uuguzi Desemba 2001, na Februari iliyofuata akaajiriwa katika zahanati yetu, ambako aliuliza maswali mengi hata mtu aliyekwenda kwa kikohozi alirudi ameshasimulia na ugomvi wake na wifi yake.

Tarehe 9 Oktoba 2004 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa binti mwaka 2006 na mvulana mwaka 2010. Shemeji alimchongea mama mkwe kiti kizuri chenye mikono, mama akashukuru, akakiweka sebuleni, na hakuwahi kukikalia, akisema kile ni kiti cha mgeni.

Septemba 2020 marehemu alijiunga na chuo kikuu kwa shahada ya uzamili ya utafiti na maendeleo ya jamii asilia, na alilolitaka lilikuwa moja, ujuzi wa wakunga wetu uandikwe na mmoja wetu, ili wasiendelee kuzuiwa mlangoni mwa zahanati kila wanapomsindikiza mzazi. Masomo hayo yalimtaka aombe ridhaa ya kila anayemhoji, naye alipompelekea mama karatasi ya ridhaa, mama alimtazama, akamuuliza kama miaka yote ile alikuwa akimfundisha mwanawe au alikuwa akihojiwa. Walinuniana wiki nzima, kisha mama akatoa hukumu, kwamba siku akija na kalamu apige hodi mlango wa mbele, akae kwenye kiti cha mgeni, ajibiwe kama mgeni, na siku akija mikono mitupu apite jikoni, akae mkekani, na la mkekani lisiandikwe.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kumwona mtu mzima akipiga hodi kwa mama aliyemzaa, na mama akimuuliza habari za atokako, ilhali asubuhi ile ile walichambua mboga pamoja. Lakini kilichotuchekesha sisi kilimtesa yeye, kwa kuwa mgeni aliambiwa machache na mwana aliambiwa yote, na sura ya nne ya tasnifu yake, iliyomhusu mama, ikaishia kurasa sita. Mara moja alipenyeza jambo la jikoni, namna ya kumgeuza mtoto aliyekingama tumboni, akamsomea mama kabla ya kuipeleka sura chuoni, mama akainuka akaenda zake jikoni, naye akalifuta mwenyewe. Msimamizi wake, ambaye tuko naye hapa, alimweleza kwa upole kwamba kwa sura ile shahada haitatoka, na kwamba mwisho wa kuikamilisha ni Desemba 2023.

Tarehe 8 Agosti mwaka huo aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa hospitali ya rufaa mara mbili, na Oktoba akaomba kuuguzwa kwa mama. Jumanne tarehe 14 Novemba mama alikibeba kile kiti kutoka sebuleni, akakataa kusaidiwa, akapiga hodi mlangoni mwa mgonjwa, akakikalia kwa mara ya kwanza, akamwambia mjukuu wake ashike kalamu, kwani leo mgeni ni yeye, na yote ya mkekani ameyaruhusu. Nasema wazi kwamba sisi tuliokuwepo tulitamani akubali, maana sura ilikuwa inatimia pale pale. Marehemu alimwomba mama ashuke kwenye kiti, aje alale karibu naye mkekani, kwa sababu kule juu yuko mbali. Mama akashuka, wakazungumza mpaka jioni, na kalamu haikuandika neno.

Alifariki Jumapili tarehe 19 Novemba 2023, saa nne asubuhi, katika mikono ile ile iliyompokea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zahanati, na msimamizi wake, ambaye hatuna sura ya kumkabidhi, lakini jana alipopiga hodi mlango wa mbele mama alimwambia azunguke, apite jikoni.

Dada, pumzika kwa amani, na huko ulikokwenda pita tu, usipige hodi.