Marehemu Darsono Muhtar na Swala Iliyokatizwa

Baba yetu, Darsono Muhtar, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika mtaa wa Kotagede, Yogyakarta, akiwa mtoto wa tatu wa mfua fedha Muhtar na mkewe Sumirah.

Alisoma Kurani katika msikiti mdogo wa mtaani, akamaliza sekondari mwaka 1975, kisha akasomea filamu Jakarta hadi 1980. Alirudi akiwa na kero moja: katika filamu zetu za vita, imani ilikuwa kilemba cha shujaa na kelele za mapigano. Watoto aliowajua yeye walisali kwa kunong'ona, huku wakiogopa.

Basi akatengeneza filamu za watoto. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1984 uwanjani Klaten, kwenye turubai jeupe, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka. Wapiganaji waliposali alfajiri huku mapambazuko yakiwaangazia usoni, bibi mmoja alipiga kelele: "Nyie! Mbona mmeipa Makka kisogo? Kwetu kibla ni magharibi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Marehemu alisimama mbele ya turubai, akasema, "Bibi, umenikamata. Nilifuata mwanga mzuri." Alipiga upya tukio lote. Tangu hapo, kila mkeka wa swala katika filamu zake aliutandika kwa mikono yake.

Alimwoa mama yetu, Muntamah, mshonaji wa mavazi ya filamu, tarehe 3 Julai 1988. Mama, aliyemwita Pak, yaani Baba, kama tuwaitavyo wanaume kwa heshima, alipenda kumwambia, "Pak, wewe umeoa kamera, mimi ni mke mdogo." Naye alijibu, "Lakini mke mkubwa hajui kupika."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akiwa anapiga filamu yake ya mwisho, ya vita vya 1948. Ndani yake Waholanzi wanashambulia kwa mabomu wakati binti wa miaka tisa yuko kwenye swala. Mdogo wake anatambaa kuelekea kisimani. Binti anaikata swala, anakimbia, anamdaka.

Mtayarishaji wake, Pak Bagyo, alimfuata hospitalini. Nilikuwepo.

"Pak Dar, akina mama wenye watoto watatupasua! Mtoto anakata swala? Mwache amalize rakaa, kisha akimbie."

"Na mdogo wake amsubiri ndani ya maji?"

"Ni filamu tu, Pak."

"Bagyo, angekuwa mwanao, ungemaliza rakaa?"

"Usinitie kisimani mimi! Nimekuja kukuona mgonjwa."

Walicheka, lakini tukio halikuwa salama. Pak Bagyo alisema litaondolewa Ijumaa hii. Katika siku zake za mwisho, kila alipozinduka baba aliuliza, "Wamekata?" Mama alimjibu, "Bado, Pak. Lala." Alilala akiwa amekunja ngumi. Hofu yake haikuwa juu ya jina lake. Alihofia kwamba mtoto fulani, siku moja, atamwona mwenzake akizama na kudhani Mungu anamtaka asisogee. Sheria yetu haijawahi kumtaka hivyo, na kila mwalimu wa dini aliyeko hapa mazishini anajua.

Alifariki leo, Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mjane, Muntamah. Watoto wawili, mimi Lutfan na dada yangu Hanifah. Mjukuu mmoja, Zaidan. Na filamu ambayo haijulikani itatoka vipi.

Punde imamu atatuuliza, kama ilivyo desturi yetu kabla ya jeneza kuinuliwa, kama marehemu alikuwa mtu mwema. Pak Bagyo, nakuona safu ya mbele, na macho yako ni mekundu kama yetu. Kuna watu wanaosema baba aliidharau swala. Ukiamini hivyo, nyamaza, hatutakuchukia. Lakini ukiitikia pamoja nasi kwamba alikuwa mwema, utakuwa umeshuhudia mbele ya Mungu kwamba hakuidharau swala, na ushahidi huo haufutwi Ijumaa. Mwache yule binti akimbie.

Mola amlaze baba yetu mahali pasipo na hofu.