Gundi Anaiacha Meza ya Kushonea Vitabu vya Sala

Baada ya miaka thelathini na mitatu kazini, msimamizi wa chumba chetu cha kujalidi vitabu, ambaye kiwanda kizima kinamwita Gundi, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Wenye shahada zao pale juu wamenitaka mimi niandike, kwa kuwa ndiye niliyekaa naye kuliko wote. Niliwaambia macho yamechoka, mgongo umechoka, na shule yangu iliishia darasa la tatu. Wakasema niandike hivyo hivyo. Haya, someni, na asiyependa afunge jarida lake.

Alianza kwenye mashine ya kukatia karatasi, akahamia kukunja, akaja kushona, ndipo wakampa usimamizi. Jina la Gundi halikutokana na hekima yoyote. Siku ya kuzindua mashine mpya alikalia kigoda kilichomwagikiwa gundi, na askofu mgeni aliposema tusimame tuombe, yeye alisimama na kigoda chake. Kilimning'inia nyuma mpaka amina. Askofu alifumba macho. Sisi tuliuma midomo.

Chumba chetu kinashona vitabu vya nyimbo na vya sala vya makanisa mengi, na sisi washonaji tunatoka humo humo. Huyu anashika Jumamosi, yule Jumapili. Huyu anawaombea marehemu, yule anasema hilo ni kosa kubwa. Wakalishe meza moja, wape sindano, halafu uone. Nimesikia mabishano mpaka masikio yameota sugu. Watu wazima wanarushiana maandiko kama mawe, kisha wanaombana uzi.

Gundi hakuwa mtu wa kusema tuyaache hayo, yote ni sawa. Kwake hayakuwa sawa. Alikuwa na imani yake, aliijua, na ukimwuliza alikuambia. Ila hakumruhusu mtu kumpinga mwenzake kabla hajaeleza mwenzake anaamini nini, mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo. Wengi walikwama hapo hapo, wakarudi kushona. Majina ya utani pia hakuyataka. Sisi tuliwaita wanaobatiza kwa kunyunyiza maji "wa matone" na wanaozamisha "wa bwawani". Yeye alitaja jina zima la kanisa, refu lilivyo, hata kama kengele ya chai imeshalia na watu wana njaa.

Kubwa nililoliona ni mwaka ule paa lilipotoboka. Mvua ilivuja upande wa dirishani, kazi zote zikasogezwa kwenye meza moja ya ndani. Kulikuwa na kitabu cha sala cha kanisa langu, linalobatiza watoto wachanga, na kitabu cha kanisa la mkwe wangu, mke wa mwanangu. Hao husubiri mtu akue, aikiri imani yake mwenyewe, ndipo wamzamishe. Vitabu ukubwa mmoja, karatasi moja. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akipanga kurasa, na kurasa za ubatizo za kanisa lao zikaingia kwenye vitabu vya kanisa letu.

Nilikuwepo kanisani Jumapili ya kwanza ya vitabu hivyo. Mchungaji wetu amembeba mtoto wa watu mikononi, wazazi wamependeza, bibi mzaa mama anafuta machozi. Akafungua kitabu kipya, akasoma kwa sauti kubwa kwamba asibatizwe mtu yeyote asiyeweza kuikiri imani kwa kinywa chake. Mtoto akapiga chafya.

Jumatatu mchungaji alikuja kiwandani, kitabu kwapani, uso umemvimba. "Nani kapanga hiki?" Tukainamia sindano zetu. "Basi niambieni anasali wapi." Fundi wa mashine ya kukatia, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akamjibu. Mchungaji akasema kumbe ni makusudi, watu wa kanisa hilo wanawakataa watoto, binti huyo aondoke leo, la sivyo kanisa litahamisha kazi zake zote. Meneja akawa anatikisa kichwa kukubali kabla sentensi haijaisha. Kama hiyo haitoshi, mzee wa kanisa la mkwe wangu, aliyekuja kuangalia vitabu vyao, akacheka. "Baba mchungaji, labda Mungu mwenyewe ndiye kapanga kurasa." Nilitamani kumchapa na rula ya chuma.

Mkwe wangu alisimama pale na sindano mkononi. Mume wake alikuwa kitandani na mguu uliovunjika, mtoto mchanga nyumbani. Mtoto huyo huyo ndiye aliyetufanya mimi na mkwe wangu tusisemezane, kwa sababu mama yake alikataa abatizwe. Wote wakanigeukia mimi. Nikawaambia, "Ni mkaidi, hilo nalijua, naishi naye. Lakini hachezei kazi."

Gundi ni wa kanisa langu. Watoto wake wote walibatizwa na mchungaji yule yule. Akavuta vigoda vitatu, akavikagua kwanza, tabia iliyombakia, akawaambia mchungaji, mzee na mkwe wangu wakae.

"Meza hii niliipanga mimi," akasema. "Kazi mbili zinazofanana nimeziweka kiwiko kwa kiwiko, na mkaguzi wa mwisho ni mimi. Kama kuna wa kuondoka leo, baba mchungaji, ni mimi."

Meneja akaacha kutikisa kichwa.

Kisha Gundi akafumua kitabu kimoja, akazitoa zile kurasa, akampa mchungaji. "Umesema hawa wanawakataa watoto. Isome yote, huyu mzee atuambie kama ndivyo."

Mchungaji akasoma. Mzee akasema, "Hatuwakatai, baba. Tunawaleta mbele, tunawaombea, tunawangoja."

Gundi akamgeukia. "Na wewe mzee, hebu tuambie kwa nini sisi tunabatiza wachanga."

"Mazoea tu."

"Ndivyo, baba mchungaji?"

"Sivyo," mchungaji akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ni kwa sababu Mungu anatupenda kabla hatujajua kusema lolote."

Mzee akaacha kucheka. Akasema hajawahi kuelezwa hivyo.

Msije mkadhani walikumbatiana. Hawakukubaliana hata nukta. Gundi mwenyewe alimwambia mzee kwamba anaona anakosea, na siku akitaka wataketi wasome pamoja, lakini hoja hii hataishinda kwa kumfukuzisha mtu kazi. Ndipo mchungaji alipomtazama mkwe wangu kwa mara ya kwanza.

"Ulifanya makusudi, mama?"

"Hapana, baba. Ningetaka kubishana na wewe ningekufuata wewe, nisingemfuata mtoto."

Akabaki kazini, na kazi za kanisa zikabaki. Gundi alipewa onyo, na unaibu meneja aliokuwa ameahidiwa wakampa mwingine. Hakulalamika. Nililalamika mimi, bila faida.

Nanyi mnaosema kwamba yeye ni mpole tu wa kuzaliwa, nyamazeni. Mimi nimemwona asubuhi kwenye ujia wa stoo, ameegemea ukuta, amefumba macho, anajikusanya kabla ya kuingia kwetu. Tulimchosha. Wiki iliyopita tu wawili wenu mmebishana juu ya kunena kwa lugha mpaka chai ikapoa, na mzee wa watu akaja tena kuketi katikati, siku chache kabla ya kwenda zake. Hamna haya?

Mwezi ujao meza itasimamiwa na mkwe wangu. Si mwongeaji. Nilipomwambia naandika haya alinipa maneno machache niyatie humu, nami nayatia yalivyo: "Juu ya ubatizo, bado naona Gundi anakosea. Na siku ile, katika wote waliokuwa chumbani, wa kanisa langu alicheka, yeye akanivutia kigoda nikae."

Asante, Gundi. Nenda kapumzike. Tunakuombea siku zisizo na kelele, zenye watu wa kukuuliza wewe umeamkaje.